Mstari Kati ya Sanaiya na West Bay

Ijumaa ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Kato, mlinzi mwenzangu kutoka Masaka, alikuwa ameketi kitandani, begi lililokwisha kufungwa liko miguuni, anatazama kwenye simu pacha wake Wasswa akizikwa kwao. Kwao pacha hasemwi amekufa, husemwa ameruka. Simu ikakatika kabla kaburi halijajaa. Kato akaniangalia. "Mzee Wafula, na mimi ningeruka. Lakini pasipoti yangu iko kwenye kabati."

Kabati lile mimi nililikubali.

Acha nikurudishe nyuma. Tulilala Sanaiya, eneo la viwanda hapa Doha, watu wanane chumba kimoja, tukilinda maghala ya huko huko. Pasipoti zetu zilifungiwa kwenye kabati la chuma la Barasa, msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, kijiji cha pili kutoka kwetu. Sheria ya hapa inakataza, lakini tulishazoea, na hatukugombana. Ugomvi uliletwa na jengo jipya.

Kampuni ilipata kazi ya kulinda mnara West Bay, kule kwenye maghorofa ya matajiri, wakahitajika walinzi kumi na wawili. Basi swali likazuka: wanaokwenda huko, pasipoti zao akae nazo nani? Bado najiuliza ilikuwaje jambo lililolala miaka yote liamshwe na mahali ambapo hatujawahi kukanyaga. Wengine walisema, "Zikifungiwa na huko, hazitoki tena!" Wengine, "Nyamazeni, mtatuharibia." Tukaacha hata kupika sufuria moja. Ugali wenyewe ukawa na vyama.

Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa chumba. Barasa akaniita.

"Wafula, wewe ni mtu mzima. Wa West Bay wakae na zao. Wa Sanaiya wabaki vile walivyo. Maneno yaishe."

Nikampa mkono, nikatoka najiona hodari. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya West Bay. Hilo sikumwambia mtu.

Kato alicheka. "Banange, mzee! Umetugawa kama shamba. Na sisi wa huku, nani ametuuliza?" Nikamwambia avumilie, zamu yake itafika.

Haikufika. Wasswa aliporuka, Barasa alikuwa likizo Kenya, na ufunguo mfukoni. Tukampigia. "Ngojeni nirudi Jumapili," akasema. Mazishi yalikuwa Ijumaa.

Baadaye nilimsimulia Njeri, muuguzi wa kwetu anayeishi Al Rayyan, mtu wa vitabu. Akaniambia Amerika nayo ilipasuka hivyo hivyo. Kusini walikuwa na watumwa. Nchi ikatanuka kwenda magharibi, na kila kipande kipya kikafufua swali: utumwa uingie huku au usiingie? Wakachora mstari, upande mmoja utumwa ruhusa, mwingine marufuku, wakapeana mikono. Ardhi ikaongezeka tena, mstari ukagombaniwa upya, vyama vikavunjika, mwisho wakapigana vita.

Mimi niliishia darasa la sita, nikauliza, "Kwani waligombania nini kwenye ardhi tupu, na watu wako kwenye minyororo pale pa zamani?"

"Tupu haikuwa, ilikuwa na wenyewe," akasema. "Na wengi waliokataa utumwa kuenea waliahidi hawataugusa pale ulipo."

"Na watumwa, nani aliwauliza?"

Nilimkumbuka Kato, nikashindwa kumaliza chai yangu.

Sijilinganishi na watumwa wale, mwanangu. Mimi nilipanda ndege kwa miguu yangu. Lakini mstari ule niliujua, maana niliwahi kuuchora.

Kwa hiyo nisikie, wewe uliyefika Doha juzi. Ukiona watu wanagombania mahali papya, uliza kwanza walioachwa pale pa zamani wako katika hali gani. Haki ikiishia mlangoni kwako, usiiite amani. Na pasipoti yako idai siku ya kwanza, kabla hujazoea. Kuzoea ndiko kulikotumaliza. Mungu akuweke, akupe kazi isiyokufunga, na siku moyo wako utakapotaka nyumbani, njia iwe wazi.

Na wewe Barasa, bado unakaa ofisi ile ile, na kabati lipo. Mimi nimekwenda kwa Kato nikamwambia kosa langu, pamoja na lile la orodha. Limebaki lako. Njoo usimame mbele yake umjibu: ufunguo ule ulikwenda nao Kenya kufanya nini?