Mjerumani Aliyestaafu Akiwa na Miaka Kumi na Nane

Tenisi sijawahi kuicheza, na Mpanda nzima sijawahi kumwona mtu ameshika raketi, isipokuwa ile ya kuulia mbu. Hilo halikumzuia meneja wa redio yetu ndogo kunikabidhi habari za tenisi. Mpira wa miguu ulikuwa na mwenyewe, mtangazaji mkongwe mwenye sauti nzito na maarifa mepesi. Mimi msichana mpya nikaambiwa nichukue michezo mingine ya kimataifa, dakika tano, kila Jumatano jioni. Meneja alilipenda sana neno kimataifa. Studio yenyewe ilipakana na mashine ya kukoboa mpunga, na msikilizaji mmoja wa Magamba aliwahi kupiga simu kuuliza ni kitu gani kinanguruma hivyo huko Ulaya.

Nilimchagua binti mmoja wa Kijerumani kwa sababu ndiye aliyetokea wa kwanza kwenye simu yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba, ndiyo kwanza ameanza kucheza kwa kulipwa, na alikuwa anafungwa ovyo. Wiki hii katolewa raundi ya kwanza, wiki ijayo katolewa kwenye mchujo, hata raundi ya kwanza hajaiona. Nikampenda. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, na kilichonishinda niliiachia simu itafsiri. Ndiyo maana siku alipopewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano makubwa, nafasi ambayo jina lake la Kiingereza, wild card, lina pori ndani yake, nilitangaza kwamba amepewa kadi ya porini. Mzee mmoja anayeishi jirani na hifadhi akapiga simu kwa hasira: sisi tukiingia humo kuokota kuni tunakamatwa, Mjerumani anapewa kadi!

Msikilizaji wangu mwaminifu alikuwa baba. Alifundisha shule moja ya msingi hapa mtaani kwetu Ilembo miaka zaidi ya thelathini, na alipotimiza sitini akaagwa kwa beseni, blanketi na hotuba tatu. Tangu siku hiyo hakutoka. Mama alishatangulia mbele ya haki, tulibaki wawili tu nyumbani, na mimi nilikuwa namwona anavyopungua. Ndevu zilimwota, shati la kazi likakaa kwenye msumari, na wanafunzi wakipita njiani alitega sikio asikie kama kuna atakayemwita mwalimu. Niliogopa sana. Wastaafu wa mtaani kwetu niliwaona wanavyoisha, wamekaa hivyohivyo mlangoni.

Jumatano moja nikasoma kwa sauti ya msiba kwamba binti wa Kijerumani, akiwa na miaka kumi na nane, ameumia kifundo cha mguu katikati ya seti ya pili na amestaafu. Simu ndivyo ilivyoandika, amestaafu, na mimi nani niibishie simu. Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekasirika kama vile ametukanwa.

"Kumi na nane! Anastaafu nini sasa? Kazi gani hiyo amefanya?"

"Ndivyo walivyosema, baba."

Kisha sauti ikalegea. "Maskini. Wamwambie asikae ndani. Akikaa ndani, kwisha habari yake."

Wiki mbili baadaye nikatangaza, bila hata kufikiri, kwamba binti yuleyule ameshinda mechi mbili mfululizo na yuko robo fainali. Baba nilimkuta amesimama mlangoni ananisubiri.

"We si ulisema amestaafu?"

Hapo ndipo ningesema nimekosea. Lakini mtangazaji wa kimataifa atakoseaje mbele ya baba yake?

"Kwa wenzetu inaruhusiwa," nikasema. "Mtu anastaafu, akijisikia vizuri anarudi."

"Anaandika barua?"

"Haandiki. Anarudi tu."

"Wazungu wana akili," akasema, na akaingia ndani kutafuta wembe.

Asubuhi alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyechapwa sana kwa ajili ya jedwali la kuzidisha kwa saba, na hakuwa na ubavu wa kumwambia mwalimu wake aondoke. Darasa la tatu halikuwa na mwalimu. Lilikuwa linaimba tu toka Januari. Baba akalichukua. Kwa wiki tatu alirudi nyumbani na chaki kwenye mikono ya shati, akilalamikia miandiko ya watoto wa siku hizi, akila ugali na kuongeza. Nilijua kabisa kwamba furaha ile imesimama juu ya uongo wangu. Nikaendelea kula naye.

Kisha akaja afisa elimu kata, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na faili lisilo na karatasi. Akamkuta baba ubaoni.

"Mzee, nani amekuruhusu? Hata wa kujitolea ana barua."

"Nyie hamsikilizi redio?" baba akamuuliza, na mbele ya walimu wote akamweleza utaratibu wa kustaafu wa Ujerumani, kwa ufasaha, kama anafundisha somo. Afisa alicheka mpaka akatafuta kiti. Walimu nao wakacheka, maana bosi akicheka unacheka. Jioni hiyo sokoni watu wasiojua Ujerumani iko upande gani walikuwa wanajishika mbavu kwa habari za mstaafu wa Kijerumani.

Meneja akaniita. Kadi ya porini haikumsumbua, lakini sasa afisa alikuwa amepiga simu, na jina la kimataifa lilikuwa hatarini. Akaniamuru nisahihishe hewani. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Jumatano nikasoma. Nilisema kwamba Kiingereza cha tenisi kinatumia neno lilelile la kustaafu hata kwa mchezaji aliyeacha mechi moja kwa sababu ya kuumia; kwamba yule binti hakustaafu, wala hajawahi kustaafu; kwamba aliyekosea ni mtangazaji. Nilisoma taratibu, na nilijua ni nani ninayemsomea. Nilijichukia.

Nyumbani baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio imezimwa, shati la kazi lenye chaki bado mwilini. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia marahaba vizuri tu, bila kinyongo, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

"Kwa hiyo hajawahi kustaafu," akasema.

"Hajawahi, baba. Nisamehe."

Akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, kuanzia juu.

"Mimi nilidhani wastaafu tuko wawili," akasema.