Pumzi ya Gari la Harusi

Bango la gereji bado lina jina la marehemu mume wa mjane na picha yake, na chini yake maneno FUNDI UMEME WA MAGARI, ingawa mwenyewe siku hizi hana gari wala umeme. Wateja huingia, humtazama mjane aliyevaa ovaroli lenye grisi mpaka kooni, huuliza, "Fundi yupo?" Yeye hujibu, "Unaongea naye." Wao hucheka kidogo, kisha huendelea kumsubiri fundi atoke. Marehemu ana sifa kuliko walio hai wote wa mtaa ule, na zinazidi kupanda bila yeye kushika bisibisi.

Mtunza sifa mkuu ni mama mkwe. Tangu mazishi huja kila asubuhi, hukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bango, akifuma sweta ambalo halijulikani la nani.

"Gari lililotoka mkononi mwa mwanangu halikuwahi kurudi," huwaambia watu ambao hawakuuliza.

Kusema kweli, mengine hayakurudi kwa sababu yaligongwa. Lakini nani amwambie mama?

Sasa, gari moja likarudi.

Lilikuwa jeupe, na mwenyewe alikuwa yule wanayemwita Bwana Harusi, kwa kuwa hukodisha gari kwa maharusi na yeye hajapata wa kumkubali. Marehemu alilishughulikia wiki ya mwisho kabla hajalala kitandani moja kwa moja.

"Shemeji, hii gari ina kitu," akasema kwa sauti ya chini, gari lisimsikie. "Ikisimama, inapumua. Bibi harusi wa juzi aliteremka katikati ya barabara, akadandia pikipiki na shela lake. Valvu ya hewa nimebadilisha mara mbili. Nimeiombesha. Aliyekuja kuiombea ametoka mbio, kiatu kimoja bado ninacho."

"Iwashe."

Injini ikanguruma vizuri mpaka ikapata joto. Kisha ikaanza. Ikavuta hewa, ikapanda. Ikashuka, ikazidi kushuka, ikanyamaza kabisa kama imezima. Halafu ikavuta tena ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Sindano za mama mkwe zikasimama.

Wanawake wale wawili waliijua pumzi hiyo. Waliketi nayo kwenye chumba cha nyuma, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa kitanda cha marehemu, na kila iliposita wote wawili waliinama mbele kusubiri kama itarudi. Hawakuwahi kuizungumzia.

"Zima," akasema mjane.

"Iache," akasema mama, papo hapo.

Bwana Harusi akabaki ameshika ufunguo. "Sasa nizime au niache? Ninyi ndio wenye gereji!"

Akazima.

Valvu ile kazi yake ni kuipa injini hewa ya kutosha dereva anapoondoa mguu kwenye pedeli. Kompyuta huiamuru kwa waya. Mjane akapima waya kwa mita: umeme upo, wote. Lakini mita haimtumi waya kazi yoyote, inamsalimia tu. Akaleta balbu ndogo, akaichomeka kwenye waya uleule. Injini ilipopoa ikawashwa tena, balbu iling'aa. Joto lilipopanda, ikafifia hadi rangi ya kutu, ikazimika, ikarudi. Basi waya ulikuwa kama ofisa mkubwa: koti liko kitini, mwenyewe anasemekana yupo, na hakuna kinachofanyika.

"Mkamwana," mama akaita, "iache leo. Utaitengeneza kesho."

"Jumamosi ana harusi, mama."

"Aoe yeye kwanza, ndiyo awe na haraka."

Mjane akafungua fungu la nyaya, akalifuata kwa vidole hadi nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini. Akakuta kiungo. Kilisokotwa kuelekea kushoto, kikafungwa tepu, na juu ya tepu uzi, kwa sababu kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa haamini tepu. Ila msokoto ulianza vizuri ukalegea. Risasi iliyoyeyushwa ya kuungia waya ilikuwa imedondoka pembeni, matone mengi, hakuna lililofika kwenye kiungo. Tepu ilianzwa, ikaachwa, ikaanzwa tena. Uzi ulikuwa na fundo la mtoto anayejifunza kufunga viatu.

Bwana Harusi akachungulia. "Mshenzi gani kaunga hivi?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi anayelaumiwa hata mvua isiponyesha. Ingetosha kumnyooshea kidole. Mama alikuwa amesimama tayari, akimtazama mkamwana wake machoni, akimsubiri amnyooshee.

"Ni mume wangu," akasema mjane.

"Mwanangu hakuwahi..."

Mjane akamshika mama mkono, akauingiza chini ya boneti, akaweka kidole cha mama juu ya lile fundo. Mama akalipapasa kwa muda mrefu.

"Mikono ilikuwa inatetemeka," mjane akasema. "Nilikuwa namnyoa ndevu. Aliniapisha nisikuambie. Sikujua kama bado alikuwa anashika kazi."

"Na mimi nilikuwa namfunga vifungo vya shati," mama akasema. "Aliniapisha nisikuambie wewe."

Bwana Harusi akaenda kutazama tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Iwashe mara moja tu," mama akaomba.

Mjane akaiwasha, wakakaa wote wawili kiti cha nyuma, pale wanapokaa maharusi, katikati ya maua ya plastiki. Injini ikavuta, ikashuka, ikasita. Safari hii hakuna aliyeinama mbele. Ikavuta tena. Mama akanyoosha mkono katikati ya viti, akazungusha ufunguo mwenyewe.

"Sasa kata, Fundi."

Mjane akakata kiungo, akaunga upya. Gari likawaka, likatulia, balbu ikang'aa bila kupepesa. Bwana Harusi akatega sikio kwenye boneti, uso wenye wasiwasi.

"Mbona kimya hivi? Haijafa?"

Mama alikuwa amerudi chini ya bango, anafumua lile sweta, la kipimo cha mwanawe.