Nilizifuta Grafu za Furaha, Kisha Nikasema Hakuwahi Kuzichora

Msinihurumie. Nilifanya makusudi. Mkitaka kunitukana nitukaneni tu, mwenyewe nimeshaanza!

Mimi ni msichana wa sekondari, tunaishi ugenini, mtaa wa Bellevue, wazazi wangu watu wa Tanga. Siongei. Darasani wanaisikia sauti yangu tunaposimama kuitika majina, basi. Kompyuta ndiyo naiweza.

Mwalimu wa kompyuta alinipanga na Furaha, Mkongo wa mtaani kwetu, mdomo kama redio. Faili moja, ukurasa wake na ukurasa wangu, mada ni maji yanavyokatika mtaani. Mmoja kati yetu, atakayefanya vizuri zaidi, angepelekwa likizo ijayo kwenye ofisi moja ya Midrand kujifunza kazi. Mmoja tu! Niliitaka nafasi ile mpaka kifua kinauma.

Furaha aligonga chumba kwa chumba akiuliza watu, akachora grafu sita, moja baada ya moja. Mimi niliandika makro, yaani amri zinazojiendesha ukibonyeza kitufe. Yangu inakagua kama ukurasa una grafu tayari. Ikizikuta, inauliza kama izifute ili nichore mpya, zisirundikane. Ikimaliza inasevu faili yenyewe.

Ila sikuifunga kwenye ukurasa wangu. Inakagua ukurasa wowote ulio wazi. Nilijua, nikaiacha hivyo hivyo.

Siku ya kuonyesha kazi Furaha akanipayukia mbele ya wote: "Weye dada, mashine inakujuaka kuliko watu! Leo nitaongea miye. Weye utakuwa kama robot, taa ya magari ya pale kona: kuwaka, kuzimika, mudomo hakuna!"

Darasa zima likacheka. Yeye akatoka kwenda chooni.

Nikafungua ukurasa wake. Nikabonyeza kitufe. Kikatokea kisanduku: "Grafu 6 zimepatikana. Zifutwe?"

Nilitaka kumtisha tu, wallahi! Nilijua nitatengua, zirudi. Nikabonyeza ndiyo. Zikayeyuka zote. Nikatengua. Wapi! Nikatengua tena. Kumbe kilichofanywa na makro hakitenguliki! Na faili ilikuwa imeshajisevu, kwa amri niliyoiandika kwa mkono wangu.

Furaha akawa anarudi. Ningeweza kusema. Nikarudi kwenye kiti changu.

Furaha akasimama mbele, ukurasa una tarakimu tupu. "Zilikuwa hapa! Mungu wangu, zilikuwa hapa!"

"Eish, loadshedding imepita na grafu!" mvulana mmoja akadakia, akimaanisha mgao wa umeme. Vicheko.

Mwalimu akanigeukia. "Wewe ndiye mwenzake. Alichora au hakuchora?"

Na mimi bubu nikafungua mdomo, sauti safi kabisa: "Hapana, mwalimu. Hakuwahi kuchora."

Wakaniamini! Mtu asiyeongea, nani atamdhania uongo? Nafasi ya Midrand nikapewa mimi.

Jana nilikwenda kwao. Mama yake, ambaye ndiye anayenisuka nywele tangu nikiwa mdogo, akanifungulia mlango. "Ingia, mutoto yangu. Iko ndani." Laiti angenipiga!

Nikamweleza Furaha kila kitu pale koridoni, huku nalia. Hakufoka. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akinong'ona, ila jana.

"Uongo ulisema mbele ya bote. Kweli unaniletea ku koridoo? Toka. Enda useme kule kule."

Nami nimekuja kuyasema huku kwenu mtandaoni, bila jina. Mwoga ni mwoga tu!

Wenzangu, makro ya kutafuta grafu itajieni jina la ukurasa wenu, na msiguse kitufe mkiwa na hasira. Na ninyi wapole kama mimi, msijisifu. Watu wakishazoea ukimya wako, neno lako moja linatosha kumzika mtu.

Kesho asubuhi mwalimu ataita majina. Nikishaitika, sitakaa chini.