Gunia la Majivu

Dada yangu mkubwa aliweka magunia matatu nyuma ya mlango wa jikoni. Moja la maganda, ambalo jirani mwenye nguruwe alikuja kulichukua. Moja la plastiki. La tatu la majivu, kwa kuwa alichemsha kwa kuni maharage ya kuuza, na majivu hayakumwishia. Wapangaji wenzetu hapa Busia walichanganya kila kitu pamoja, wakakiweka getini kwa mtu wa mkokoteni wa taka. Dada walimcheka.

"Mama Takataka, leo umepanga nini?"

"Nichekeni tu," aliwajibu. "Siku kavera zikiwafunika, msinililie."

Kavera ni ile mifuko ya plastiki. Aliichukia kuliko uchafu wote. Alisema udongo hauijui.

Asubuhi aliyokwenda hospitali Tororo alichemsha maharage kwanza, tumbo likimuuma. Akavuta kuni nje ya mafiga, akaniambia, "Usiguse jiko. Nikirudi nitazoa mwenyewe."

Hakurudi. Tulimzika Dabani, nyumbani kwa baba yetu.

Baada ya mazishi shangazi aliniuliza jiko la dada la mjini likoje. Nikasema liko vile alivyoliacha.

"Basi msiba haujafagiwa, mwanangu," alisema. "Majivu ya moto wake wa mwisho yaje hapa, chini ya migomba ya bibi yenu. Hayawezi kubaki kwenye nyumba ya kupanga, yakanyagwe na watu tusiowajua."

Nilirudi Busia, nikayazoa kwa mikono. Yalikuwa laini, na ndani yake mlikuwa na harage moja lililoungua. Nikayatia katika gunia lake, nikaliegemeza mahali pake nyuma ya mlango, nikajilaza kidogo kabla ya kutafuta bodaboda ya kwenda Dabani. Sikuwa nimelala vizuri tangu aende Tororo.

Kwetu mfiwa hafagii. Majirani humfagilia. Nilipoamka, jirani yangu, mama kutoka upande wa Kenya, alikuwa mlangoni anakamua tambara.

"Pole, dada. Nimekutolea na zile gunia zote. Angalau sasa nyumba inapumua."

"Zote?"

"Zote. Wa mkokoteni ametoka hapa sasa hivi."

Alikuwa amefanya linalotakiwa. Msiba ungekuwa wake, mimi ningemfanyia vilevile.

Nilikimbia hadi jaani. Mvua ilikuwa imenyesha na sapatu zangu zilinasa kwenye matope, nikazibeba mkononi. Mtu wa mkokoteni alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu, anakula muwa.

"Gunia la majivu liko wapi?"

"Majivu? Mama, watu nakuja hapa kutafuta simu, kutafuta pete. Wewe natafuta majivu?" Waokota chupa wakacheka, naye akaongeza, "Hata kwangu majivu iko mingi. Kuja nikupe."

"Ni ya dada yangu. Amekufa."

Kicheko kikakatika. Aliteremka, akavua kofia, akanyoosha muwa kuelekea njia ya kuingilia jaani.

"Mkokoteni ilikuwa nakwama. Mimi namwaga pale, gurudumu ipite. Pole, mama. Mimi sikujua."

Palikuwa na matope meusi, na katikati yake mstari wa kijivu. Magurudumu yalikuwa yameshapita juu yake, na ng'ombe pia. Nilipiga magoti. Yeye akapiga magoti upande wa pili, tukachota kwa viganja, tukitia kwenye leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni. Lile harage sikuliona tena.

Nilifika Dabani jioni, leso inachuruzika. Nilimweleza shangazi yote. Kwa jambo hili sikuweza kumdanganya.

"Sijui ya kwake ni kiasi gani," nilisema. "Mengine ni matope ya watu."

Alifungua leso chini ya migomba, akachuchumaa. Akaanza kuchambua kwa vidole, polepole, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Akatoa kizibo cha soda. Akatoa kipande cha kavera, kisha kingine, akavifuta kwenye gauni lake na kunikabidhi.

"Hivi rudi navyo mjini. Dada yako hakuvitaka kwenye udongo."

Yaliyobaki akayafukia kwa kiganja. Hakusema kama msiba sasa umefagiwa.

Nilirudi Busia nimevifumbata vile vipande. Nilipoingia jikoni nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kwenye gunia la plastiki. Hapakuwa na gunia tena. Sakafu ilikuwa safi kabisa, imepigwa deki hadi pembeni. Nikasimama pale, ngumi nimeikaza, sijui pa kuviweka.