Boti ya Kumkwepa Mkwe

Mimi nina kinyaa, na sikukisomea, nimezaliwa nacho. Nikiona unywele kwenye sabuni, siku hiyo sili. Nikialikwa shughuli kijiji cha jirani, Zinga, nabeba glasi yangu mkobani, na wanaonijua wameshaacha kuninunia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua boti ya kulala.

Niseme kwanza kwa nini boti. Binti yetu wa pekee ameolewa Mwanza, na nyumba yao iko ukingoni kabisa mwa ziwa. Huko alijifungua mtoto wa kike, na kazi yake ya hospitali haikumpa nafasi ya kumleta kwetu Bagamoyo. Nami sikuwa nimemshika mjukuu huyo hata siku moja, kwa sababu kwetu mama halali kwa mkwe. Mama yangu hakulala, bibi yangu hakulala, na mimi sikuwa wa kuanza. Gesti nazo sitaki hata kuzisikia: shuka limelaliwa na nani, limefuliwa na nani? Kwa hiyo nilimjua mjukuu kwa simu tu, na kila nikipiga alikuwa ameongeza neno jipya.

Mume wangu, aliyefundisha vijana uvuvi maisha yake yote, ndiye aliyepata wazo. Tununue boti yenye vitanda na jiko, ipelekwe Mwanza kwa lori, ifungwe mbele ya nyumba ya binti. Tukienda kuwatembelea tutalala humo. Kwa mkwe hatulali, gesti hatulali. Nikaona mume wangu ana akili kuliko nilivyomdhania.

Boti ya kwanza tuliitazama Mbegani. Mwenye boti aliapa kwamba ina starehe zote. Niliingia nimeinua gauni. Godoro lilikuwa na ramani ya jasho la watu nisiowajua, na chini ya sakafu, kwenye maji meusi, punje za wali zilikuwa zimevimba kama funza. Nikauliza choo kiko wapi. Akacheka kwa fahari, akaenda kwenye meza ya chakula, akafunua kiti. Choo kilikuwa humo humo ndani ya kiti.

"Kwa hiyo nakula nimekalia choo?"

"Kinafungwa vizuri, mama. Wala hakitoi harufu."

Nilishuka bila kuaga.

Ya pili, kule Kunduchi, choo kilikuwa na chumba chake, ila upande wa pili wa ukuta ndipo palipokuwa na jiko. Mtu anakaanga samaki huku mwenzake anajisaidia, na baina yao ni ubao mwembamba kama chapati ya maji. Uchafu unakwenda wapi? Majini. Na maji ya bomba yanavutwa kutoka wapi? Majini hayo hayo. Nikamwuliza muuzaji yeye hutawadha na nini, akaanza kunisifia injini. Ya tatu ilijaa mende. Ya nne ilikuwa na panya aliyekufia ndani ya jaketi la kujiokolea, na muuzaji alimtoa kwa mkono, kisha akaninyooshea mkono ule ule anisaidie kushuka. Nikashuka mwenyewe.

"Mchagua nazi hupata koroma," mume wangu alinionya.

"Koroma angalau ni safi," nikamjibu.

Lakini moyoni niliumia. Mtoto alianza kutembea, akaanza kukimbia, mimi bado nachungulia vyoo vya watu.

Mwishowe tukaipata, Mbegani tena. Choo kilikuwa nyuma, nje, na mlango wake na tangi lake, jiko likawa mbele mbali kabisa. Vitanda viwili, madirisha mapana, mahali pa kusimama bila kugonga kichwa. Ilikuwa boti ya mbao, imetunzwa na mtu mwenye haya. Hata hivyo niliisugua siku tatu kwa ndimu na sabuni ya mche, nikaifukiza udi. Nikapanga ndani nguo zangu zote za safari na magauni niliyomshonea mjukuu, kisha nikaenda Miono kuhani msiba.

Nyuma yangu, mume wangu akaipaka boti mafuta ya papa.

Asiyeijua harufu hiyo amshukuru Mungu. Ni ini la papa lililoozea juani. Wavuvi wetu hupaka vyombo vyao ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao, na yeye aliipaka nje, akaipaka ndani, chini ya vitanda, kwenye kabati la nguo, kwa mapenzi kabisa. Ati chombo hakisafiri kikavu. Kisha ikafunikwa turubai, ikasafirishwa siku mbili juani. Nasi tukaifuata kwa basi.

Tulipofunua turubai kule Mwanza, nilitapika mbele ya dereva. Wavuvi wa pale wakacheka, wakasema ziwani hakuna wadudu hao. Mume wangu alilijua hilo, maana mwenyewe alilifundisha darasani. Mkono ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma.

Ilikuwa Ijumaa. Binti alikuwa zamu, mkwe akaja na kusema kwa adabu, "Mama, nyumba ni yenu." Nikamwambia tumeridhika majini. Nililala mle, nikafukiza udi, nikajifunga khanga zangu za kabatini. Kufikia asubuhi sikusikia harufu yoyote, nikadhani imeisha.

Binti akaja na mtoto. Nilipiga magoti, nikafungua mikono. Mtoto alinijia mbio, akasimama hatua mbili mbele yangu, akaziba pua.

"Mama, bibi ananuka."

Alikunja uso, mdomo ukapinda upande mmoja, akarudi nyuma. Nilikitambua kile kinyaa. Ni changu mwenyewe, na sikuwahi kujua kinavyomuuma anayetazamwa nacho.

Maji ya ziwa hayakutosha. Niliomba kuoga nyumbani kwa mkwe. Yeye mwenyewe, mtu mzima, alinibebea ndoo ya maji moto hadi mlangoni, ameinamisha macho, nami nikatamani ardhi ipasuke. Sabuni ya bafuni kwao ilikuwa na unywele. Nikautoa kwa kidole, nikajisugua nayo kuanzia kichwani.

Nilitoka nimevaa nguo za binti. Mtoto alikuwa ananingoja koridoni. Nikampa mkono. Akaunusa kwa makini, kiganjani, kisha kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Bado," akasema.

Nikarudi bafuni.