Mikungu ya Ndizi Iliyochaji Basi

Basi la umeme linalotoka Maseno halingurumi, kwa hiyo siku hizi tunasikia kila neno. Juzi nilikaa nyuma ya dereva. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kisian, alituonyesha kwa kidole alama ya betri. Ilikuwa inapanda.

"Mnaona?" akasema, kifua mbele. "Ile ya dizeli hapa ilikuwa inakula breki tu. Hii ikiteremka, magurudumu yanazungusha mota, inatengeneza umeme, stima ya bure. Na tukiwa wazito, inatengeneza zaidi!"

Abiria wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye mikungu mitatu ya ndizi kwenye buti la basi hakupiga. Alikuwa anafikiria.

Tulipofika Kisumu, kondakta akamnyooshea mkono. "Mama, lipia mzigo."

"Mzigo gani? Hiyo yenye imekuchajia gari?"

Kondakta akamtazama dereva. Dereva akatazama nje.

"Sawa, Mama. Lakini jioni ukirudi Maseno ni kupanda, na hapo mzigo inakula stima. Utalipa ya kuja na ya kurudi."

Mama akakaza leso kiunoni, akainama kuubeba mkungu wa kwanza.

"Jioni narudi mikono mitupu, nikiwa nimeuza. Ndizi yangu haipandangi mlima, Baba."

Dereva, ukigundua siri ya kuokoa stima, usiitangaze mbele ya mtu wa soko. Mimi nauli nilikuwa nimeshalipa. Nilikitazama kitambi changu, kilichofanya kazi kutoka Maseno mpaka Kisumu bila hata asante, nikaona kabisa nimeonewa.