Maporomoko Yasiyo na Jina Nyuma ya Sandoa

Niliondoka Kolwezi kwa sababu ya mdogo wangu Ilunga. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya shaba hadi vumbi likamkaa kifuani, kisha akahamia porini, mbali kupita Sandoa, akaanza kufuga nyuki. Mama yetu hakupata usingizi tangu siku hiyo.

"Enda uniletee ule mutoto," aliniambia. "Atakufia mu pori, hata kaburi yake hatutaijua."

Nikafunga duka langu la vitenge, nikapanda pikipiki nyuma ya dereva.

Mpaka Kasaji barabara ilikuwa nyekundu, na malori ya madini yalitufunika kwa vumbi kila tulipopishana nayo. Baada ya hapo malori yakaadimika. Mchanga ukawa mweupe, nyasi zikatanda pande zote, na upepo ukazilaza kama mkono unaopapasa kitambaa. Nilizaliwa katika mkoa huu, lakini sikujua kwamba una anga kubwa namna hiyo.

Sandoa nilimtafuta Mama Masengo, mfanyabiashara anayenunua asali ya Ilunga. Ndiye aliyejua njia.

"Miguu yako iko na nguvu?" akaniuliza.

"Mi ninauzaka vitenge, mama. Ninaikalaka chini mu duka siku nzima."

Alicheka sana, akanipa viatu vyake vya mpira.

Tulitoka alfajiri. Vijiji vikaisha, kisha mashamba ya muhogo, kisha hata njia yenyewe. Ramani ya simu yangu ilionyesha rangi ya kijani tupu, halafu mtandao ukakatika. Tukaingia mushitu, ule msitu mnene wa bondeni, ambamo mizizi inasimama juu ya maji meusi. Kulikuwa na mto wa kuvuka, na daraja lilikuwa mti ulioanguka. Mama Masengo alipita wima. Mimi nilitambaa kwa magoti, nikilia waziwazi, na sioni aibu kuwaambia.

Ng'ambo tulisikia ngurumo, nami nikadhani ni mvua. Kumbe mto mzima unajitupa ndani ya ufa wa mwamba na kupotea chini ya ardhi! Ukungu unapanda juu ya miti, ndege wa buluu wanapita ndani yake, na kwenye mwamba umeota ukoka laini ambao haujakanyagwa. Nilisimama pale mdomo wazi.

"Panaitwa nani?" nikauliza.

"Hapana na jina," sauti ikajibu nyuma yangu. Alikuwa Ilunga, mzinga wa gome la mti begani. "Na kule chini, hakuna mwenye anafikaka. Hata wazee ba huku habajui maji inatokea wapi."

Tulikumbatiana. Kisha akatupandisha mlima mkali hadi kwenye nyumba yake, akizungumza njia nzima kuhusu nyuki. Mimi nilikuwa nahema. Yeye hakukohoa hata mara moja.

Jioni, tukila bukari, ule ugali wetu, na asali, nikamfikishia maneno ya mama. Akaniita yaya, yaani mkubwa wake, kama tulipokuwa watoto.

"Yaya, Kolwezi nilikuwa nalala mwenye kuikala, sababu ya kifua. Huku ninalala kama mutoto. Unataka nirudie kule?"

Nilikuwa nimesafiri njia yote ile ili kusema ndiyo. Nikashindwa.

Nilirudi bila Ilunga, na kutoka Kasaji hadi nyumbani nilikuwa natunga uongo wa kumwambia mama. Nilipofika sikuutumia. Nilimweleza mti niliouvuka kwa kutambaa, ukungu, ndege, mlima ule na pumzi ya mwanawe. Nilikuwa nimeamini kwamba pori lile ni mwisho wa dunia. Nikamwambia sasa kwamba kwa Ilunga ndipo dunia ilipoanzia upya.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ule muti ya kuvukia," akasema, "mwenye kutambaa anapita?"

"Anapita, mama."

"Basi tutatambaa."